Mazishi Manne ya Nyanya Nzisa

Mutanu alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, na hiyo ndiyo iliyomponza. Kanisani walimpa Neno asome karibu kila Jumapili, kwa kuwa maneno yalimtoka yamenyooka, bila kukwama. Kwa hiyo Machi ile, alipotakiwa kuwaeleza wafanyakazi wa kiwanda cha ndengu, yaani choroko, cha Kathonzweni kanuni za likizo, hakuona sababu ya kuhangaika. Yeye ndiye aliyekuwa HR wao, afisa wa wafanyakazi, na kanuni alizijua. Aliandaa slaidi arobaini na moja, akazima taa za ukumbi ili ukuta uonekane vizuri, akasoma.

Alisoma dakika hamsini. Alipowasha taa, watu themanini na wanne walipepesa macho wakijaribu kukumbuka walikuwa wapi. Hakuna aliyeuliza swali. Mlinzi mmoja alikuwa amelalia bega la mwenzake, na mwenzake naye alikuwa amelala.

Saa saba, akienda kantini kuchukua chakula, alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani.

"Kama mnavyoona hapo ukutani," sauti ilisema, "kifungu cha saba, aya ya pili, herufi ndogo b..."

Alikuwa ni Kyule, fundi wa mashine ya kuchambua ndengu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu ambaye pia alikuwa mwalimu wa kwaya. Amepanda juu ya benchi, mwiko mkononi badala ya kipaza sauti, shingo ameivuta mbele. Alimwiga Mutanu mpaka kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya kila slaidi. Watu walicheka huku wakigonga meza. Kilichomuuma Mutanu hakikuwa kicheko. Ni kwamba wote walikuwa macho.

Alirudi ofisini na njaa yake.

Mwezi wa tisa, meneja wa kiwanda alimwita. Githaiga alikuwa mtu wa Nyeri, mnyoofu, mwenye kupenda kila kitu kiwe na muhuri. Alimsukumia karatasi mezani.

"Mutanu, hapa Makueni kuna vita?"

"Vita gani, bwana?"

"Basi watu wanauawa na nini? Hizo ni likizo za msiba. Novemba ya mwaka jana peke yake, watu ishirini na sita. Na karibu wote wamefiwa na nyanya. Hawa nyanya wanakufa kwa zamu?"

Mutanu alijizuia asicheke. Githaiga hakuwa akitania. Alikuwa ameshaandika kanuni mpya: kuanzia sasa, anayeomba likizo ya msiba alete barua ya chifu, ratiba ya mazishi, na picha ya kaburi, yeye mwenyewe akiwa amesimama kando yake. Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, mkurugenzi wa kampuni, Bi. Wariara, angekuja kutoka Nairobi kusikiliza kanuni hizo zikitangazwa. Akiridhika, zingepelekwa pia katika tawi la Tulia, huko Kitui.

"Utawaeleza wewe," Githaiga alisema. "Na slaidi zisipungue sitini. Wariara anapenda kazi inayoonekana."

Mutanu alimfikiria Kisilu, mpakiaji wa magunia. Kisilu alimzika mke wake Aprili. Alirudi kazini siku ya nne, akaja ofisini kumrudishia fomu ya likizo, ameishika kwa mikono miwili. Mutanu alijaribu kujiona akimwambia mtu yule, picha iko wapi?

"Bwana, kuna watu wanaofiwa kweli."

"Basi watakuwa na picha," Githaiga akajibu.

Jioni hiyo Mutanu alitoa mafaili yote, akayatandaza sakafuni. Alianza na la Kyule, na hatakataa ukimwuliza kwamba benchi na mwiko vilichangia. Faili halikumwangusha. Katika miaka mitatu, Kyule alikuwa amemzika nyanya yake wa Tawa, Nzisa, mara nne. Mara ya kwanza bibi alifariki kwa presha. Mara ya pili aliteleza mtoni. Mara ya tatu ilikuwa malaria. Mara ya nne Kyule alikuwa amechoka kutunga, akaandika tu: umri.

Kisha Mutanu akafungua ukurasa wa mbele, ule wa habari za mfanyakazi. Pale penye jina la mtu wa kuarifiwa kukitokea dharura, kwa mwandiko wa Kyule mwenyewe, palisomeka: Nzisa Ndolo, nyanya. Na namba ya simu. Ukurasa ulikuwa umejazwa upya Januari, miezi miwili baada ya mazishi ya nne.

Mutanu alicheka peke yake mpaka akalazimika kuvua miwani. Halafu akapiga ile namba.

"Niko," ilisema sauti ya mwanamke mzee. "Nani mwenzangu?"

"Naongea na Nzisa Ndolo?"

"Ndiye. Kwani Kyule ameumia?"

"Hajaumia, mwaitu," Mutanu alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba. "Nilitaka tu kujua unaendeleaje."

"Magoti yananisumbua. Lakini naendelea."

Kesho yake, kabla ya chai ya saa nne, Mutanu aliingia jikoni. Kavata, mpishi wa kantini, alikuwa akichagua mawe kwenye maharagwe. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tano, na kiwanda kizima kilimsikiliza kuliko meneja.

"Mama, naomba uniambie ukweli. Ile siku ya Machi niliharibu wapi?"

Kavata hakuinua kichwa. "Madam, unataka ukweli wa kunywea chai au ukweli wenyewe?"

"Wenyewe."

"Ulitusomea. Sisi tunajua kusoma. Na kile ulichosoma ulikuwa unauambia ukuta, sisi tukabaki na mgongo wako. Halafu ukazima taa. Mtu ameamka saa kumi akamue ng'ombe, unamzimia taa, alale asilale?"

"Na wewe ukiongea, wanakusikilizaje?"

"Mimi huwaambia chakula kimebaki kidogo."

Walicheka wote wawili. Lakini Mutanu hakuondoka. Alimwomba Kavata awe mtu wake wa kufanyia mazoezi, na Kavata akakubali kwa sharti moja: kila mawazo yake yakitoroka, angegonga sufuria kwa mwiko. Siku ya kwanza Mutanu aliongea dakika nne na sufuria ikalia mara saba. Alipotamka "sera ya kampuni kuhusu" ililia kabla hajafika kwenye nomino. Siku ya pili ililia mara tano. Siku ya tatu Mutanu aliacha karatasi ofisini, akamtazama Kavata machoni, akamsimulia habari ya mtu aliyekufa mara nne. Mwiko ulibaki hewani.

"Mara nne?" Kavata aliuliza. "Na yuko hai?"

"Nimeongea naye."

"Madam, hiyo ndiyo kazi. Yale mengine yapeleke kwa ukuta."

Jumamosi Mutanu alikwenda Tawa. Alijiambia anakwenda kuhakikisha habari za faili, na hiyo ilikuwa kweli kiasi. Nyumba ya Nzisa ilikuwa mlimani, juu ya shamba dogo lililokatwa matuta yaliyonyooka vizuri sana. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, anapura mbaazi, mwembamba, macho makali. Walisalimiana, wakaulizana koo, wakakuta wanahusiana kwa mbali upande wa mama, chai ikaja. Ndipo Mutanu akamweleza.

Nzisa alisimamisha mikono juu ya ungo.

"Nilikufa na nini?"

"Mara ya kwanza presha."

"Sina presha."

"Mara ya pili uliteleza mtoni."

"Mto gani? Huo wa mchanga?"

"Ya tatu ilikuwa malaria."

"Na ya nne?"

"Umri," Mutanu alisema.

"Umri!" Bibi aliweka ungo chini. "Huyo mtoto hana adabu."

Lakini baada ya muda mfupi akauliza jambo ambalo Mutanu hakulitarajia. Alitaka kujua tarehe. Mutanu alikuwa nazo kwenye daftari. Tarehe saba Novemba. Tarehe kumi na moja Novemba. Ishirini na tano Machi. Kisha tena tarehe nne Novemba. Nzisa alizihesabu kwa vidole, taratibu, akitazama shamba.

"Mvua," alisema. "Hizo ndizo siku mvua ilianguka. Kyule alikuja na jembe. Siku tatu alilima hayo matuta unayoyaona, akanipandia ndengu na kunde, akalala, akarudi. Mimi nilidhani ofisi yenu ina huruma." Akaanza kutikisika mabega, na Mutanu akadhani analia. Alikuwa anacheka. "Kumbe asubuhi ananizika, mchana ananipandia!"

Mutanu aliangalia yale matuta. Alitoka Kathonzweni akiwa na mtu wa kumkamata. Sasa hakuwa na uhakika amemkamata nani.

"Huo mkutano wenu ni lini?" Nzisa aliuliza.

"Ijumaa ijayo."

"Marehemu anaruhusiwa?"

"Mwaitu, mimi siwezi kumtaja mfanyakazi mbele ya wenzake. Hiyo ni siri ya ofisi."

"Siri ya ofisi ni yako," bibi alisema, akiokota ungo wake. "Kifo ni changu."

Jumatatu Mutanu alipitia ofisi ya ununuzi, ambako kulikuwa na daftari la mvua; kampuni iliandika kila tone kwa sababu ilinunua ndengu kwa wakulima. Aliweka daftari la mvua kando ya orodha ya misiba. Hakuhitaji kompyuta. Mvua ya kwanza ikianguka, kesho yake nyanya wanaanza kufa. Ikichelewa wiki mbili, nao wanaishi wiki mbili zaidi. Kila mtu wa huku anajua kwamba mbegu isipoingia ardhini siku zile za kwanza, msimu umekwenda. Na likizo ya kawaida ya kampuni ilitakiwa kuombwa mwezi mmoja kabla. Nani angeiandikia mvua barua mwezi mmoja kabla?

Aliandaa slaidi sitini kama alivyoagizwa, akazituma kwa Githaiga. Githaiga akajibu: Safi sana.

Ijumaa saa tatu ukumbi ulijaa. Watu walikuja wamejiandaa. Wengine walibeba masweta na kuyakunja yawe mito, na Kyule alikuwa ameshachagua kiti cha nyuma kilichoegemea nguzo. Mbele walikaa Githaiga na Bi. Wariara, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi za mvi na daftari dogo jeusi.

"Projekta iko wapi?" Githaiga alinong'ona.

"Iko tayari, bwana," Mutanu alimjibu. Ilikuwa tayari, ndani ya boksi lake, chini ya meza.

Hakuzima taa. Alifungua madirisha yote. Alisimama katikati, mikono mitupu. Kile kikohozi kilikuja mpaka kooni. Alikimeza. Alisubiri mpaka minong'ono ikaisha yenyewe, halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Tafadhali tusimame tuwakumbuke nyanya zetu."

Viti vilikwaruza sakafu. Wanaume walivua kofia. Githaiga alisimama akifunga kifungo cha koti.

"Kwa miaka mitatu," Mutanu alisema, "kiwanda hiki kimepoteza nyanya mia moja na kumi na wawili. Sisi tuko themanini na wanne. Kila mmoja Mungu alimpa nyanya wawili, na wengi walikuwa wameshatangulia kabla hatujaajiriwa. Lakini yuko mwenzetu aliyefiwa na nyanya watano. Tumpe pole."

Mahali fulani katikati mtu alipiga chafya ambayo haikuwa chafya.

"Wengi walikwenda kwa presha. Wengine malaria. Mmoja aliteleza akazama mtoni, wiki ambayo mto ulikuwa bado mchanga mtupu."

Sasa mabega yalikuwa yanatikisika safu kwa safu. Hakuna aliyekuwa amelala. Kule nyuma, kando ya nguzo, Kyule aliacha kutabasamu.

"Mwaweza kuketi. Nimeona si vizuri tuwaseme marehemu bila wao wenyewe kuwepo. Kwa hiyo nimemwalika mmoja atusalimie."

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Kavata aliingia akimshika mkono bibi mmoja aliyevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, fimbo mkononi. Mutanu hakutaja jina lolote. Hakuhitaji.

"Susu!" Kyule alipiga kelele, kama mtoto anavyomwita nyanya yake, kabla hajajua mdomo wake umefunguka.

Ukumbi ulilipuka. Watu waligeuka wakamtazama Kyule, wakamtazama bibi, wakashikana. Mwanamke mmoja wa kitengo cha kufungasha alikaa chini sakafuni kabisa. Kyule alijaribu kujificha nyuma ya nguzo ambayo ilikuwa nyembamba kuliko yeye. Bi. Wariara alifunika mdomo kwa daftari. Githaiga peke yake alikuwa anatafuta projekta kwa macho.

Nzisa alisubiri watulie, mtulivu kama mhubiri.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Mimi si Lazaro, msiogope. Sijafa hata mara moja. Nasikia hapa kazini huwa mnaomba asubuhi, na kwamba mmeniombea mara nne. Asanteni. Maombi yalifanya kazi."

Ilibidi asubiri tena. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imeshuka, na watu walisogeza vichwa mbele ili wamsikie.

"Huyu mtoto nilimlea mimi. Amesema uongo, na uongo wake mimi na yeye tutaumaliza nyumbani. Lakini zile siku alizosema ananizika, alikuwa shambani kwangu, ananipandia ndengu. Mimi magoti yamekataa. Na nyinyi hapa mnanunua ndengu." Alimgeukia Githaiga, ambaye ni yeye peke yake aliyevaa koti, kwa hiyo alionekana ndiye mkubwa. "Sasa mnataka zipandwe na nani?"

Akaketi kwenye kiti alichowekewa, kando ya mkurugenzi.

Mutanu alibandika ukutani karatasi moja tu ya manila. Mistari ya bluu ilikuwa mvua. Nukta nyeusi zilikuwa nyanya. Hakusoma kilichoandikwa. Alirudi nyuma, akawaacha watazame. Bi. Wariara aliinuka akaisogelea, akafuata nukta kwa kidole kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

"Wanakufa mvua ikinyesha," alisema polepole.

"Kila mwaka," Mutanu alijibu. "Sisi tumekuwa tukiuliza nani anadanganya. Hatukuuliza kwa nini wote wanadanganya wiki moja."

Githaiga alisimama. Haki yake apewe, hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alieleza ile kanuni ya barua, ratiba na picha ya kaburi, akasema uongo ni uongo hata ukiwa na jembe mkononi. Baadhi ya watu walitikisa vichwa kumuunga mkono, na hawakukosea. Ndipo Kisilu alipoinuka katika safu ya tatu. Hakuwa amecheka tangu mwanzo.

"Mimi nilizika mke wangu Aprili," alisema. "Sikupiga picha. Ningekuwa nimefanya kosa?"

Watu waliokuwa wakifuta machozi ya kicheko waliangalia viatu vyao. Mutanu alikuwa amepanga kusema jambo hapo, alikuwa amelifanyia mazoezi mara sita mbele ya sufuria, lakini aliona kwamba Kisilu amelisema tayari. Akaliacha.

Ni Bi. Wariara aliyesema. "Githaiga, Machi uliomba siku tatu za kumzika mjomba wako kule Nyeri. Nilikutumia ujumbe wa pole. Picha naweza kuipata?"

Githaiga alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena.

"Mjomba alipata nafuu," alisema.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani, na hata Kisilu alitabasamu kidogo. Na Githaiga, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka kazini, alikaa chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka mpaka masikio yakawa mekundu.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi kidogo. Mutanu aliomba siku mbili za kupanda kwa kila mfanyakazi, za kuombwa asubuhi ya mvua kwa ujumbe wa simu, watu wakipokezana ili mashine zisisimame. Novemba maghala huwa karibu matupu, alieleza, na mashine hufanya kazi nusu siku; kampuni haikuwa na cha kupoteza ila uongo. Aliwageukia wafanyakazi akawaambia kwamba upande wao ni mmoja: msiba usemwe ukiwa msiba. Alitumia dakika kumi na tisa kwa jumla. Maswali yalichukua saa nzima.

Bi. Wariara alikubali kujaribu kwa mwaka mmoja. Kanuni ya picha haikutajwa tena.

Mchana huo Kyule alikuja ofisini, kofia mkononi.

"Madam, nimefutwa?"

"La. Lakini ulidanganya mara nne. Siku kumi na mbili zitatolewa kwenye likizo zako zijazo. Na barua ya onyo ni hii, weka sahihi."

Aliweka sahihi bila kubishana. Akasimama tu, hatoki.

"Ile siku ya Machi nilipanda benchi kule kantini..."

"Nilikusikia."

"Kumbe." Alikuna shingo. "Hii ya leo siwezi kuiiga."

"Usijaribu mpaka nimefika nyumbani," Mutanu alisema, na Kyule akatoka mbio, maana Nzisa alikuwa anamwita kutoka jikoni kwa jina lake lote.

Mvua ilianguka tarehe tisa Novemba, usawa wa chai ya asubuhi. Kabla ya saa sita Mutanu alikuwa na jumbe thelathini na tatu kwenye simu, nyingine zenye neno moja tu: Kupanda. Kulikuwa na mizozo ya nani atangulie, na watu wawili walichukua siku tatu badala ya mbili wakapata barua zao. Mwezi huo wote alifariki nyanya mmoja, wa Kanyiva wa kitengo cha kufungasha. Hakuna aliyemwomba Kanyiva karatasi. Lori la kiwanda lilijaa watu wakienda kumzika, Githaiga akiwa mbele na dereva.

Januari ilifika zamu ya Tulia. Githaiga alitaka Mutanu aende na Nzisa, kwa kuwa dawa imeshajulikana. Mutanu alikataa. Magoti ya bibi hayakuwa ya safari ile, na watu wa Tulia walikuwa na mambo yao. Aliomba siku moja kabla ya kuhutubia mtu yeyote, akaketi kwenye meza za kuchambua na akina mama, akatoa mawe kwenye ndengu na kusikiliza. Walimcheka kwa kuwa alikuwa mzito wa mikono.

Kesho yake aliwaeleza habari ya siku za kupanda, kwa ufupi, taa zikiwa zinawaka. Walisikiliza vizuri. Alidhani amemaliza. Ndipo mwanamke mmoja aliyeitwa Kalekye, ambaye jana alikuwa ameketi karibu naye siku nzima bila kusema neno, akainua mkono.

"Tumesikia siku za kupanda. Na sisi ambao hatuna shamba? Mimi nina watoto na chumba cha kupanga. Mvua ikinyesha mimi nabaki hapa nafanya kazi ya aliyekwenda kulima. Mimi mmeniwekea nini?"

Mutanu alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mazuri, yamenyooka, ya kujaza nafasi ile. Aliyaona yakija.

"Sijui," alisema. "Sikulifikiria hilo. Nitauliza Nairobi, na Alhamisi nitarudi hapa nikujibu."

Kule nyuma mtu aliguna, guno la mtu ambaye ameshaahidiwa Alhamisi nyingi.

Alhamisi saa tatu asubuhi Mutanu alishuka langoni, vumbi mpaka magotini. Jibu alilobeba halikuwa kamili: Nairobi ilikuwa imetoa siku moja, si mbili, kwa wasio na shamba, waitumie wapendavyo. Alilisema hivyo hivyo lilivyo. Kalekye alilipima, mikono kiunoni.

"Ni ndogo," alisema.

"Ni ndogo," Mutanu alikubali.

"Basi rudi ukawaambie tumesema ni ndogo."

Wenzake walipiga makofi, mmoja akapiga kigelegele. Mutanu alitafuta kalamu kwenye mkoba, akaikosa, akaazima ya Kalekye.

"Sema pole pole," alimwambia, "niandike kama ulivyosema."